Nishani Kifuani, Vita Chumbani

Taifa limemvisha nishani kubwa kuliko zote. Watu wamepiga makofi, magazeti yameandika, watoto wamepewa jina lake. Lakini taa zikizimwa usiku, nani anabaki na shujaa? Wanawake wawili walioolewa na askari mmoja wa Marekani, kila mmoja kwa wakati wake, walilijua jibu.

Hebu fikiria, mpenzi msomaji. Una miaka 20 tu. Wewe ni mrembo, sura yako iko kwenye mabango ya sinema, na umeolewa na kijana ambaye nchi nzima inamjua kwa jina. Wasichana wenzako wanakuonea kijicho cha wazi kabisa. Halafu unagundua kwamba huyo mumeo hapati usingizi mpaka bastola iwe chini ya mto. Tena bastola yenyewe imejaa risasi.

Hii si hadithi ya kutunga. Msichana huyo alikuwa Wanda Hendrix, mcheza sinema wa Hollywood, na kijana aliyefunga naye ndoa Januari 1949 alikuwa Audie Murphy, mmoja wa askari wa Marekani waliotunukiwa nishani nyingi zaidi katika Vita Kuu ya Pili. Mojawapo ilikuwa Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa ushujaa vitani nchini humo.

Waswahili walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwezi huu tunakiangalia kitanda hicho.

Mvulana aliyekataliwa

Ungemwona Audie kabla ya vita usingemdhania kitu. Alizaliwa Texas mwaka 1925 katika familia maskini ya wakulima wa pamba, watoto 12. Baba aliondoka nyumbani, akawaacha. Mama akafariki mwaka 1941, na wadogo zake watatu wakapelekwa kwenye kituo cha yatima. Audie alikuwa ameshaacha shule zamani. Aliokota pamba za watu kwa ujira, na alijifunza kulenga bunduki kwa sababu moja tu: asipopata sungura, nyumbani hawali.

Vita vilipoanza akataka jeshi. Wanamaji wakamkataa kwa udogo wa mwili, maana alikuwa na uzito wa kilo 50 na kitu tu. Umri nao haukutosha, ikabidi dada yake asaini karatasi ya kumwongezea mwaka. Mwishowe jeshi la nchi kavu likamchukua, na huyo mvulana wa kukataliwa akapigana Sicily, Italia bara, kisha Ufaransa.

Huko Ufaransa, Agosti 1944, rafiki yake mkubwa, Lattie Tipton, aliinuka baada ya kuona Wajerumani wameonyesha ishara ya kusalimu amri. Walikuwa wanadanganya. Alipigwa risasi akafa palepale, mbele ya macho ya Audie. Tukio hilo liweke akilini, msomaji, tutalirudia.

Saa moja iliyobadilisha kila kitu

Tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr mashariki mwa Ufaransa, theluji imetanda. Luteni Murphy, umri miaka 19, anaongoza kombania iliyobaki na watu wachache mno baada ya siku za mapigano makali. Mbele yao vinatokea vifaru 6 vya Wajerumani na askari wa miguu wapatao 250.

Akawaamuru vijana wake warudi msituni. Yeye akabaki mbele na simu, akiwaelekeza wapiga mizinga wa upande wake mahali pa kulenga. Adui walipomkaribia, akapanda juu ya gari la deraya lililokuwa linawaka moto, gari ambalo lingeweza kulipuka wakati wowote, akashika bunduki yake kubwa ya rashasha na kuanza kufyatua. Alikaa juu ya moto huo karibu saa nzima, amejeruhiwa mguu, akipigwa kutoka pande tatu. Vifaru vikarudi nyuma. Yeye akashuka, akawafuata vijana wake, akawaongoza kushambulia tena.

Alipoulizwa baadaye kwa nini alifanya vile, jibu lake lilikuwa fupi: walikuwa wanawaua rafiki zangu.

Juni 1945, huko Austria, jenerali akamvisha Nishani ya Heshima. Mwezi uliofuata picha yake ikatoka kwenye jalada la gazeti la Life. Mcheza sinema maarufu James Cagney akaiona, akamwita Hollywood. Kijana akanunua nyumba kwa ajili ya dada yake, na wale wadogo zake wakatolewa kituoni wakaenda kuishi humo. Sasa mwambie mtu wakati huo kwamba huyu kijana ana tatizo. Nani angekuamini?

Wanda: ndoa na mtu aliyebaki vitani

Wanda aliolewa na yule wa kwenye jalada la gazeti. Aliyeingia naye nyumbani alikuwa mwingine. Usiku aliota ndoto mbaya. Mlio mdogo tu ulimshtua. Wanda alisimulia kwamba siku moja walikuwa wanaangalia filamu ya habari, wakaonyeshwa watoto yatima wa Kijerumani, na mumewe akabubujikwa na machozi. Alijiona labda ni yeye aliyewaua baba zao. Wanda alisimulia pia jambo la kutisha zaidi, kwamba kuna wakati mumewe alimwelekezea bunduki.

Ndoa haikumaliza hata miaka 3.

Hapa kuna watu watasema, "Si angevumilia tu? Mume mwenyewe shujaa!" Jamani, tuelewane. Kumhurumia mtu ni jambo jema, na Audie alistahili huruma kwa sababu alikuwa anaumwa, ingawa zama zile ugonjwa wake uliitwa tu uchovu wa vita, na tiba yake ikawa "jikaze kiume". Lakini huruma haimlazimu mwanamke kukaa mbele ya mtutu wa bunduki. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja: mume ni mgonjwa, na mke yuko hatarini. Wanda aliondoka, na hakuna wa kumlaumu.

Ushujaa si cheti cha tabia

Tatizo letu ni kwamba tukimwona mtu ana nishani tunadhani amepewa cheti cha kila kitu. Eti kama aliweza kusimama mbele ya vifaru, basi ataweza kuwa mume mzuri, baba mzuri, mlipa madeni mzuri. Wapi!

Waingereza walilijua hilo mapema. Msalaba wa Victoria, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, ulianzishwa mwaka 1856, na katika miaka ya mwanzo wanaume 8 walinyang'anywa kwa makosa waliyofanya baadaye uraiani au jeshini. Mmoja aliiba ng'ombe. Mwingine, James Collis, alinyang'anywa mwaka 1895 kwa kosa la kuoa mke mwingine ilhali wa kwanza yupo na ndoa iko palepale. Ndiyo hivyo, shujaa wa vita naye anaweza kukushinda kwenye uaminifu.

Baadaye Mfalme George wa Tano akalipinga jambo hilo la kunyang'anyana. Mwaka 1920 alitoa msimamo kwamba Msalaba ukishatolewa umetolewa. Hata kama mwenye nao amehukumiwa kunyongwa kwa mauaji, aachwe auvae hadi kwenye kitanzi. Ukifikiri vizuri utaona mfalme alikuwa na hoja. Nishani inasema jambo moja tu: siku ile, mahali pale, mtu huyu alifanya hivi. Haisemi alikuwa nani kabla, wala haiahidi atakuwa nani baada. Yaliyobaki yote ni kazi ya watu wa nyumbani.

Si mambo ya zamani tu

Usije ukasema hayo ni ya enzi za bibi na babu. Johnson Beharry alizaliwa mwaka 1979 katika kisiwa cha Grenada, akahamia Uingereza mwaka 1999, na miaka miwili baadaye akaingia jeshini. Mwaka 2004 alikuwa dereva wa gari la deraya katika mji wa Al Amarah, Iraq.

Tarehe 1 Mei, gari lake lilivamiwa na kupigwa makombora. Kioo cha kuonea nje kikaharibika, ikabidi atoe kichwa nje ili aone njia, risasi zinapita. Moja ikaingia kwenye kofia yake ya chuma na kukwama ndani. Akalitoa gari kwenye mtego, kisha akapanda juu yake na kuwatoa wenzake waliojeruhiwa huku bado akishambuliwa. Tarehe 11 Juni wakavamiwa tena. Safari hii kombora lililipuka sentimita chache kutoka kichwani mwake. Damu inamtiririka usoni, akalirudisha gari kinyumenyume mpaka mahali salama, ndipo akapoteza fahamu. Madaktari walimfanyia upasuaji wa ubongo.

Aprili 2005 Malkia Elizabeth alimvisha Msalaba wa Victoria, na akamwambia imepita muda mrefu tangu atoe nishani hiyo. Alikuwa askari wa kwanza kuupokea akiwa hai kwa zaidi ya miaka 30.

Na nyumbani? Ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Maumivu ya kichwa, hasira za ghafla, ndoto za vita. Yule aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Ila kuna kitu Beharry alifanya ambacho kilihitaji ushujaa wa aina nyingine. Mwaka 2009 alisema hadharani, bila kuficha, kwamba vita bado vinamrudia usiku, na kwamba ni aibu askari waliotumikia nchi kuhangaika kupata matibabu ya akili. Mtu mwenye Msalaba wa Victoria kifuani akisema "mimi naumwa", mtu wa kawaida naye anapata nguvu ya kusema. Beharry alikuja kuoa tena, na mwaka 2014 akaanzisha taasisi ya kuwasaidia vijana kutoka kwenye magenge ya uhalifu.

Pamela: mke wa pili

Turudi kwa Audie. Mwaka 1951, siku chache tu baada ya talaka kukamilika, alimwoa Pamela Archer, aliyekuwa mhudumu wa ndege. Wakapata watoto wawili wa kiume na kuishi pamoja miaka 20, hadi kifo kilipowatenganisha.

Usidhani ilikuwa asali tupu. Bastola ilibaki chini ya mto. Audie alicheza kamari, akapoteza fedha nyingi alizochuma kwenye sinema. Akawa mtumwa wa dawa za usingizi. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo halikupata nishani. Alipotambua kwamba dawa zimemteka, alijifungia peke yake kwenye chumba cha hoteli kwa wiki nzima, bila dawa, mpaka mwili ulipoacha kuzidai. (Leo usijaribu hivyo. Kuacha dawa kama hizo ghafla kunaweza kuua, muone daktari.)

Tena hakunyamaza. Wakati wanajeshi walipokuwa wanarudi kutoka Korea na Vietnam, Audie alisema waziwazi kuhusu ndoto na hofu zake, na akaitaka serikali ichunguze madhara ya vita kwenye akili za askari. Zama hizo mwanaume kusema vile ilikuwa kama kujivua nguo sokoni. Ndugu zangu, ni mpaka mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza rasmi ugonjwa wa kiwewe katika orodha yao. Audie hakuishi kuona siku hiyo. Tarehe 28 Mei 1971 ndege ndogo aliyopanda ilianguka mlimani huko Virginia. Alikuwa na miaka 45.

Pamela akabaki mjane, na madeni juu. Akahama nyumba kubwa, akaenda kwenye nyumba ndogo ya kupanga. Kisha akatafuta kazi. Unajua wapi? Kwenye hospitali ya askari wastaafu ya Sepulveda, Los Angeles. Alifanya kazi hapo miaka 35.

Na sisi je?

Huku kwetu nako wapo. Wapo waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, wapo waliolinda amani Darfur na Kongo, wapo Wakenya waliopigana Somalia. Wengi hawana nishani yoyote ya kutajwa kwenye magazeti, lakini wana wake, wana waume, wana mama zao. Kama wewe ni mmoja wao, haya yanaweza kukusaidia:

Jua dalili. Kuota ndoto zilezile, kushtuka kwa mlio mdogo, kukaa kimya siku nzima, kukimbia shughuli zenye watu wengi, pombe kuzidi, hasira bila sababu. Hizo si dharau kwako, wala si lazima awe na mwanamke nje. Inawezekana ni kiwewe.

Usimwamshe kwa kumshika ghafla. Anapopiga kelele usingizini, simama mbali kidogo, muite kwa jina lake taratibu, washa taa.

Usimlazimishe asimulie. Eti "niambie umeua wangapi" si swali la mapenzi. Akitaka kusema, sikiliza. Akinyamaza, kaa naye.

Jina la rafiki aliyekufa lisiwe mwiko nyumbani. Unamkumbuka Lattie Tipton? Audie alipoandika kitabu cha maisha yake ya vita, alimtaja rafiki huyo kwenye ukurasa wa kutunuku. Wapo marehemu ambao mumeo anaishi nao. Mkumbukeni pamoja.

Silaha isilale chumbani. Hapa hakuna mjadala.

Mpeleke kwa mtaalamu. Ugonjwa huu unatibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu na wakati mwingine kwa dawa. Kanisani na msikitini pia pana faraja, lakini sala na daktari havigombani.

Akikutishia au akikupiga, ondoka uwe salama kwanza. Unaweza kuendelea kumpenda ukiwa kwa mama yako. Hata kama ana nishani ya dhahabu.

Na wewe usijisahau. Tafuta shoga wa kuongea naye, lala, kula. Mlezi akianguka, nani atamlea mgonjwa?

JE, WAJUA?

Nishani ya Heshima ya Marekani imeshatolewa zaidi ya mara 3,500, lakini kwa mwanamke mmoja tu: Dk. Mary Walker, daktari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jina lake lilifutwa mwaka 1917. Mama akagoma kuirudisha, akaendelea kuivaa mpaka kifo chake mwaka 1919. Jina likarudishwa mwaka 1977.

Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alipigana katika kikosi cha 6 cha KAR, kikosi cha Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 huko Colito, Ethiopia, alirukia juu ya kifaru cha Waitaliano, akafungua mfuniko kwa nguvu na kukiteka. Alipojaribu kingine, aliuawa. Ilichukua zaidi ya miaka 4 kwa familia yake kusikia ametunukiwa Msalaba wa Victoria.

Kapteni Eric Wilson alipigana siku kadhaa mfululizo Agosti 1940 huko Somalia ya Waingereza pamoja na askari wake Wasomali, akiwa na majeraha ya bega na jicho na huku akiumwa malaria. Ikaaminika amekufa, na Msalaba wake ukatangazwa kama wa marehemu. Kumbe yuko hai, mfungwa wa Waitaliano! Aliijua habari yake mwenyewe kambini, kwa kuambiwa na mfungwa mwenzake. Baada ya vita alikuja kufanya kazi ya utawala Tanganyika hadi mwaka 1961. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 96.

Mwanamke wa korido

Tumalizie pale hospitali ya Sepulveda. Kila siku Pamela Murphy alipita kwenye korido na ubao wake wa kuandikia mkononi, akiwatafuta wazee wa vita waliokaa kwenye mabenchi wakisubiri. Nani hajaonana na daktari? Nani faili lake limepotea? Nani amesafiri toka mbali na anataka kurudishwa bila huduma? Akishaandika, anamshika mzee mkono na kumpeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa daktari. Kila mmoja alimwita "Bwana" na jina lake, awe ni jenerali mstaafu au mlevi anayelala barabarani.

Wengi wao hawakujua kwa muda mrefu kwamba yule mama mwenye ubao ni mjane wa Audie Murphy. Yeye hakuona haja ya kuwaambia. Ilipofika wakati kazi yake ikawa hatarini kupunguzwa kwa sababu ya bajeti, ni wazee wenyewe waliokuja juu kumtetea, naye akabaki. Alistaafu akiwa na miaka zaidi ya 80, akafariki Aprili 2010 akiwa na miaka 90.

Kwa miaka 20 alikuwa amelala kando ya askari mmoja asiyepata usingizi. Baada ya kumzika, akaenda kuwatafuta wengine kama yeye, mmoja mmoja, kwenye mabenchi ya hospitali. Hakuna jenerali aliyemvisha kitu kifuani. Lakini ukiniuliza mimi, mpenzi msomaji, nitakwambia nyumba ile ilikuwa na mashujaa wawili.